Fyuzi Tatu Zenye Vioo Vyeusi

Wiki hii ni zamu yetu sisi wa chumba cha chaji. Tulibishana kidogo tuandike nini. Wengine walitaka mpira, wengine walitaka safari ya vijana waliopata nafasi ya chuo. Mwisho tukakubaliana tuandike hili, maana lina deni ndani yake, na deni halisahauliki kwa kulinyamazia.

Wengi mnakumbuka kwamba mwaka jana ukuta mmoja wa chumba chetu uliungua. Ripoti tuliyopeleka ofisini ilisema "hitilafu ya umeme". Si uongo, lakini ni nusu ya ukweli. Nusu iliyobaki ndo hii hapa.

Usiku ule kulikuwa na mpira. Chumba kilijaa mpaka nje, simu zimepangwa mezani kama dagaa kwenye mkeka. Mara giza. Fyuzi imekatika. Tukaweka nyingine, taa zikarudi, watu wakashangilia. Haikupita muda, giza tena. Tukaweka nyingine. Hiyo nayo haikumaliza hata dakika mbili. Tukafungua kopo la akiba, tupu.

Nje watu wanapiga kelele, wengine wanadai simu zao, wengine wanatuita majina. Hapo mmoja wetu akachuna waya ya shaba, nene kama milimita moja, akaizungushia pale pa fyuzi. Hatutasema ni nani, kwa sababu sisi wote tulikuwa tumemshikia tochi. Taa zikawaka. Makofi! Tukajiona mainjinia.

Kumbe kebo yetu ilipita chini ya mlango wa bati, na ukingo wa bati ulikuwa umeikata ngozi. Kila umati uliposukuma mlango, bati liligusa shaba. Safari hii mlango uliposukumwa hakuna kitu kilichokatika. Kebo yenyewe ndo ilianza kutoa moshi, ngozi ikayeyuka toka mlangoni hadi kwenye betri, na turubai la ukutani likashika moto. Mdogo wetu, ambaye hata hakuwa zamu, aliidaka kebo kwa mkono ili aing'oe. Tulizima kwa mchanga. Hakufa mtu, tunamshukuru Mungu. Lakini betri mbili ziliharibika, simu za watu zikaungua, na kiganja cha mdogo wetu mpaka leo hakikunjiki vizuri.

Asubuhi akaja Mwalimu. Ni mzee wetu wa hapa kambini, alifundisha fizikia Uvira miaka mingi kabla ya kukimbia. Tulijua tutagombezwa. Hakugombeza. Aliuliza tu:

"Zile fyuzi zilizokufa ziko wapi?"

Tukazitafuta kwenye majivu na takataka, tukampa zote tatu. Akatandika karatasi nyeupe mezani, akazilaza. Kisha akatoa mfukoni fyuzi ya nne, imekufa vilevile, aliyoitoa kwenye redio yake ya zamani.

"Wanangu, mnaona nini?"

"Zimeungua, Mwalimu."

"Naona zimeungua. Zimeunguaje?"

Tukainama kuangalia. Ile ya redio kioo chake kilikuwa safi. Ndani uzi umekatika katikati, na kwenye ncha mbili kuna vitone vidogo kama machozi yaliyoganda. Zetu hazikuwa hivyo. Uzi haukuonekana kabisa. Na vioo vilikuwa vyeusi, vina mng'ao kidogo, kama kioo cha kujitazamia kilichochafuka.

"Hii ya redio ilichoka," Mwalimu akasema. "Hizi zenu zililipuka. Ziliwaambia mara tatu, na mara tatu mkazitupa."

Akatueleza kwamba tofauti hiyo, ya waya inayoyeyuka na waya inayolipuka, watu wameichunguza maabara kwa karibu miaka 250. Tulidhani anatia chumvi. Basi tukaenda naye kwenye kompyuta za maktaba, siku ya kwanza, ya pili, mpaka ikawa kama darasa. Tuliyoyapata tunayagawa hapa.

Anayetajwa kuwa wa kwanza kuandika juu ya waya kulipuka kwa umeme ni Edward Nairne, fundi wa vyombo vya sayansi wa London, mwaka 1774. Wakati huo hakukuwa na betri. Umeme waliukusanya kidogo kidogo kwa mashine ya kusugua kioo, wakauweka akiba kwenye chupa zilizovikwa karatasi ya madini ndani na nje. Chupa hizo ndo babu wa kapasita tunazoziona kwenye redio leo. Zikishajaa, unaziachia zote kwa mpigo mmoja zipite kwenye waya nyembamba. Waya inatoa mwanga na mlio, halafu haipo.

Mwaka 1857 Michael Faraday alifanya hivyo kwa nyuzi za dhahabu, karibu na vipande vya kioo. Huyu Faraday alikuwa mtoto wa mhunzi, shule aliiacha mapema, akafunzwa kazi ya kujalidi vitabu, na vitabu alivyovijalidi ndo alivyovisoma. Alipolipua nyuzi zile, dhahabu ilijitandaza juu ya kioo nyembamba mno, na kioo kikaonyesha rangi: mahali pengine nyekundu, pengine kijani, pengine zambarau. Ilikuwa dhahabu ileile. Alikuwa anatafuta kujua metali ikisagika ndogo kabisa inacheza vipi na mwanga.

Tulipofika hapo Mwalimu alitoa tena fyuzi zetu akaziweka kando ya kompyuta. Tukaelewa. Ule weusi wenye mng'ao haukuwa masizi. Ulikuwa uzi wenyewe. Uligeuka mvuke, ukaenda kuganda kwenye kioo, kama dhahabu ya Faraday.

Halafu kuna John Anderson wa kituo cha kuangalia nyota cha Mount Wilson, California. Mwaka 1920 alitoa matokeo ya kulipua nyaya kwa kapasita iliyojazwa hadi volti 26,000. Wanaanga walitaka kujua mwanga wa kitu chenye joto kubwa sana unafananaje, maana nyota huwezi kuileta mezani. Anderson alikadiria waya zake zilifika digrii kama 20,000, zaidi ya mara tatu ya joto la uso wa jua.

Sasa sikilizeni kilichotushangaza zaidi. Umeme alioutumia kwa mlipuko mmoja ulikuwa kama kalori 30 tu. Tulipiga hesabu kwenye daftari mara mbili tukidhani tumekosea. Akiba iliyomo ndani ya betri ya simu moja ya kawaida, ikiwa imejaa, ingetosha kulipua waya kama zile karibu mara 400. Na bado hiyo simu tunalala nayo chini ya mto!

Kwa hiyo siri haimo kwenye wingi wa umeme. Imo kwenye muda. Simu inautoa umeme wake siku nzima. Kapasita ya Anderson iliutoa wote kwa vipande vichache vya sekunde, pale unapoigawa sekunde moja mara milioni.

Mwalimu alitupa mfano wa siku ya mgao. Watu mia tano wakipita mlangoni mmoja mmoja na kadi zao, mpaka jioni wote wamechukua unga na mlango uko palepale. Watu walewale mia tano wakisukumana kwa mara moja, mlango unang'oka na bawaba zake. Na mlango ni uleule.

Ndivyo ilivyo kwa waya. Umeme ukizidi taratibu, waya inapata joto, inakuwa nyekundu, inayeyuka, inakatika pale ilipo nyembamba zaidi, na metali inajivuta kuwa vitone. Hiyo ndo fyuzi ya redio. Umeme ukija kwa kishindo, waya nzima inapata joto kabla haijapata hata nafasi ya kudondoka. Inapita kuwa maji, inapita kuwa mvuke, na mvuke ule ulikuwa bado umebanwa mahali padogo pa waya. Hapo unatanuka kwa nguvu, ndo mlipuko.

Na kuna jambo jingine ambalo watu wa maabara wameliona tena na tena. Waya ikishageuka mvuke, mkondo wa umeme unashuka ghafla, wakati mwingine karibu na sifuri. Unadhani mambo yameisha. Hayajaisha. Mvuke mzito haupitishi umeme vizuri, lakini msukumo wa umeme bado unasubiri kwenye ncha mbili. Mvuke unapotanuka na kuwa mwepesi, umeme unapata njia tena, unapita ndani ya mvuke wenyewe na kuufanya plazima, mwali unaowaka kuliko mwanzo. Watafiti walikuwa wengi kiasi kwamba mwaka 1959 walikusanyika Boston kwenye mkutano mzima wa kuzungumzia nyaya zinazolipuka tu, si kitu kingine.

Kwa nini tuwasimulie hiyo pause, yaani ule utulivu wa katikati? Kwa sababu ndo unaoeleza kwa nini fyuzi kubwa za umeme mkubwa zinajazwa mchanga ndani. Uzi ukilipuka, mchanga unanyonya lile joto, unayeyuka kidogo na kuuzima mwali usirudi. Nasi tulizima moto wetu kwa mchanga bila kujua kwamba mafundi wanaufungia ndani ya fyuzi kazi hiyohiyo.

Tulitafuta pia kosa letu kwa namba. William Preece wa Wales, injinia wa telegrafu, katika miaka ya 1880 alipima ni mkondo kiasi gani unaoyeyusha waya za unene tofauti. Kwa kipimo chake, waya ya shaba ya milimita 1 inayeyuka kwenye ampea 80 hivi. Fyuzi zetu zilikuwa za ampea 15. Mnaelewa tulichofanya? Ngozi ya plastiki ya kebo inalainika zamani sana kabla ya hapo. Tulimwondoa mlinzi anayepiga kelele kwenye 15, tukaweka anayelala mpaka 80. Tulipoitoa fyuzi, kebo nzima ikawa fyuzi. Na kebo ilipita kando ya turubai, na kando ya turubai alisimama mdogo wetu.

Kuna habari moja tulisita kuiweka, lakini wengi wetu humu tumetoka Kongo, na ni haki tuijue. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, kule Los Alamos, Marekani, wanasayansi walihitaji kitu cha kuwasha bomu la atomiki kutoka pande nyingi kwa wakati mmoja kabisa. Luis Alvarez na mwanafunzi wake Lawrence Johnston wakatumia waya ndogo zinazolipuka kwa umeme, kwa sababu waya hizo hazicheleweshani. Zilitumika kwenye jaribio la Julai 16, 1945 jangwani New Mexico, na wiki chache baadaye Nagasaki. Na sehemu kubwa ya urani ya mradi ule ilitoka Shinkolobwe, Katanga, ikachimbwa na mikono ya watu wetu ambao hawakuambiwa inakwenda wapi.

Tulikaa kimya siku ile tuliyosoma hivyo. Mmoja akasema basi hii elimu ni mbaya. Mwalimu akamjibu, "Waya haijui chochote, mwanangu. Anayeiunga ndo anajua." Mjini Tomsk, Urusi, wanalipua nyaya ndani ya gesi ya agoni, wanapata unga wa metali laini ajabu kwa kazi za viwandani. Albuquerque kuna mashine inayoitwa Z, inapitisha mamilioni ya ampea kwenye nyaya za tangsteni nyembamba kuliko unywele, wanachunguza joto kama la ndani ya nyota, na pia mambo ya silaha. Kwenye redio ya Mwalimu uzi wa aina hiyohiyo ulikufa peke yake, redio ikapona. Aliyeunga alijua. Sisi tulipounga ile shaba usiku ule, hatukujua. Lakini tungeweza kujua, maana vioo vitatu vyeusi vilikuwa mkononi.

Hapo ndipo deni lilipo. Tulipoandika "hitilafu ya umeme" tulimsingizia mtu asiyeweza kujitetea. Umeme haukukosea. Fyuzi hazikukosea, zilifanya kazi yake zote tatu, zikafa, na zikaacha maelezo kwenye kioo. Tulikosea sisi, kwa sababu tuliogopa makelele ya watu kuliko tulivyoogopa moto. Ripoti ile ikafanya tuletewe kebo mpya, ikapitishwa chini ya mlango uleule wa bati. Ndiyo, mmesoma vizuri. Ofisi haikujua kosa lilipokuwa, kwa sababu hatukuwaambia. Kama si Mwalimu kuuangalia mlango, tungeungua mara ya pili.

Mwezi uliopita tulikwenda ofisini, sisi wanne na mdogo wetu, tukaandika ripoti upya. Tulidhani tutaondolewa kwenye kazi ya kujitolea. Mhusika alisoma, akanyamaza, akauliza, "Kebo sasa inapita wapi?" Tukamwambia inapita juu, ndani ya bomba la plastiki. Akasema tubandike maelezo ukutani ili wanaokuja baada yetu wajue. Mdogo wetu ndo alisaini wa mwisho, kwa mkono wa kushoto.

Tuliyobandika ukutani ni haya, na mwenye chumba cha chaji au sola nyumbani ayachukue:

Fyuzi ikikatika, usiweke nyingine kabla hujaitazama iliyokufa. Kioo kikiwa safi na uzi umekatika tu, huenda mmeunga vitu vingi mno, punguzeni mzigo. Kioo kikiwa cheusi au kinang'aa, kuna mahali nyaya zimegusana. Zima kila kitu, tafuta mahali hapo kwanza, hata kama fainali inaendelea.

Fyuzi mpya iwe na namba ileile iliyoandikwa kwenye ya zamani. Usiweke kubwa zaidi ati ndo idumu. Usiweke waya, usiweke msumari, usiweke ile karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara. Na fyuzi ya redio isitumike kulinda betri kubwa za sola, hizo zina fyuzi zake.

Kebo isipite chini ya mlango wala kugusa bati. Ndoo ya mchanga ikae karibu na betri, na isigeuzwe ya kufulia.

Tena tafadhali sana, asitokee mtu wa kutaka kujaribu kulipua waya ili aone. Volti zile zinaua kabla hujasikia mlio. Wenye maabara wanakaa nyuma ya kuta nene, sisi tuna turubai.

Nanyi ndugu wa mashirika, tuna ombi dogo. Mkileta paneli, betri na televisheni, leteni na pakiti za fyuzi za akiba, nyingi. Ni kitu kidogo kisichopendeza kwenye picha. Lakini usiku ule tulikuwa na televisheni kubwa na kopo tupu. Hatusemi hilo linatusafisha, tumeshasema kosa ni letu. Tunasema tu kijana mwenye kopo lililojaa hajaribiwi kama mwenye kopo tupu.

Fyuzi zile tatu hatukuzitupa. Zimebandikwa kwa gundi juu ya yale maelezo ukutani, na ile ya redio ya Mwalimu kando yake. Watoto wanaokuja kuchaji simu za mama zao wanauliza kwa nini hizi ni nyeusi na hii ni nyeupe. Anayewajibu mara nyingi ni mdogo wetu. Anajua kueleza kuliko sisi.

Tuko pamoja. Wiki ijayo ni zamu ya dada zetu wa ushonaji.